Daftari Hili Litalala Wapi?

Swali hilo niliulizwa mwaka 2016, chini ya mwembe, katika makazi ya Chogo wilayani Handeni, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda tangu asubuhi akitutazama tukiandika. Sisi tulikuwa watu watano wa chama kidogo kisicho cha kiserikali chenye chumba kimoja cha kupanga pale Ngamiani, Tanga mjini, na mimi ndiye niliyeshika kaunta buku mpya yenye jalada gumu, ambayo kwa siku mbili tu ilikuwa imeshapokea majina 211. Zamu yake ilipofika nilimwamkia, nikamwomba majina yake matatu. Aliitikia shikamoo yangu vizuri, kisha badala ya jina akanipa swali: "Mwalimu, daftari hili litalala wapi?" Nikajibu kwa haraka kwamba litalala ofisini, Tanga. Akasema basi yeye ataandikwa siku litakapolala Chogo. Jioni tukiwa njiani kurudi tulilicheka jambo hilo, na katika ripoti ya safari niliandika kwamba baadhi ya wazee bado hawana uelewa wa umuhimu wa usajili. Ripoti ile ninayo mpaka leo, na sentensi ile sijaifuta, kwa sababu nikiisoma hukumbuka jinsi mtu anavyoweza kuwa na nia njema na bado asijue anachokifanya.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wa Tanga na Bagamoyo wanaonipigia simu wakitaka kuanzisha vyama vya kutetea haki za watu waliohama makwao, au vya kujenga amani baina yao na wenyeji. Karibu wote huniomba sampuli ya andiko la mradi. Andiko ninalo, na nimekuwa nikiwatumia. Ila makosa yangu hayamo ndani ya andiko, na ndiyo yaliyonigharimu zaidi.

Kwa asiyeijua Chogo, lazima nirudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 Wazigua wengi, kabila la huku Handeni, walichukuliwa kupitia pwani hii hii ya kwetu, wakavushwa kwa majahazi hadi Somalia, wakafanywa watumwa katika mashamba ya kusini mwa nchi hiyo. Waliojinasua wakajikusanya kwenye misitu ya bonde la Mto Juba, na katika masimulizi yao yupo mwanamke aitwaye Wanakhucha, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza kutoka utumwani kwa nia ya kurudi kwao. Hawakufika. Walibaki Juba vizazi kadhaa, wakilima na kuhifadhi Kizigua chao, hadi vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza. Baadhi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya, wengine wakaja Tanzania, wakapokelewa Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Wazee wa Handeni wenyewe huwa wanafurahia kuwasikiliza, maana husikia maneno ambayo mara ya mwisho waliyasikia kwa bibi zao. Serikali ilikubali kuwapa uraia walioomba, na mwaka 2014 watu zaidi ya 1,500 wakawa wamekubaliwa kuwa raia wa nchi ambayo babu zao walitolewa.

Haya yote niliyajua kabla ya safari ya kwanza, kwa kuwa niliyasoma. Nisichokijua ni maana ya orodha kwa watu hawa. Mwaka 1997 shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, UNHCR, liliwaandikisha ndugu zao waliokuwa Dadaab kwa matumaini ya kuwahamishia Msumbiji, kwa sababu baadhi ya Wabantu wa Somalia, kundi ambalo Wazigua hawa ni sehemu yake, wana asili ya huko. Msumbiji ikaghairi. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea, na katika kuwatambua wanaostahili ikaangaliwa ile ile orodha ya safari ya Msumbiji. Watu wakahamishiwa Kakuma, kambi nyingine ya Kenya, mwaka 2002 kwa mahojiano, na kuanzia mwaka 2003 wapatao 12,000 wakaanza kupelekwa Marekani. Sasa fikiria aliyekosa kuandikwa mwaka 1997 kwa sababu yoyote ile, ya msingi au ya kipuuzi. Yule mzee wa kigodani, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa na dada yake Dadaab ambaye siku za kuandikishwa alikuwa ameolewa upande mwingine wa kambi, na jina lake halikuonekana. Watoto wa dada mwingine wako Marekani. Dada asiyeandikwa alibaki. Basi mzee alipouliza daftari litalala wapi alikuwa anaelewa usajili kuliko mimi niliyepewa posho ya kusajili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ahadi. Mradi wetu ulihusu vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na fedha zake zilikuwa za miezi tisa. Katika mkutano wa kwanza, nikiwa nimechangamka kwa makofi, nilisema kwamba ndani ya miezi mitatu kila mtoto aliyeandikwa atakuwa na cheti. Hakuna aliyenilazimisha kusema vile. Nilikuwa sijui kwamba mtoto aliye ndani ya siku 90 tangu azaliwe ana utaratibu wake, aliyevuka siku hizo ana wake, na aliyevuka miaka 10 hudaiwa ushahidi mwingine juu ya ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha shule, nyaraka za wazazi, barua ya serikali ya kijiji, na mara nyingine kiapo mbele ya wakili au hakimu. Bajeti yetu ilikuwa na fungu la fulana 100 na halikuwamo fungu la viapo. Miezi mitatu ilipopita tulikuwa na vyeti 17. Nawashauri wanaoanza waende kwanza RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), ofisi ya mtendaji wa kata, Uhamiaji na zahanati, waulize kila hatua na kila ada, kisha wachukue mtoto mmoja tu na kumfuatilia mpaka cheti kitoke, na baada ya hapo ndipo waandike bajeti. Sisi tulianza na mkutano.

Kosa la pili siwezi kulisimulia bila aibu, lakini nimeamua kulisimulia lote. Mfadhili wetu alitaka orodha ya wanufaika iambatane na ripoti. Tulichapa kila kitu kilichokuwamo kwenye kaunta buku: majina, namba za simu, idadi ya watoto, na katika safu ya mwisho hali ya uraia ya kila mtu. Printa yetu ilikuwa imekufa. Nilichukua flashi, nikaenda duka moja la steshenari, kijana akanakili faili kwenye kompyuta yake ili achape kwa wepesi, akanipa nakala tatu, nikalipa, nikaondoka. Sikumwomba alifute. Nakala moja tuliiacha katika ofisi nyingine kwa ajili ya taarifa, juu ya meza, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri huduma. Orodha ilivuja wapi kati ya sehemu hizo mbili sikuwahi kuthibitisha, na sitamtwisha mzigo kijana wa dukani, kwa sababu aliyeibeba kwenda huko ni mimi.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 mwanamume mmoja nadhifu, mwenye mkoba wa ngozi, alifika Chogo akipita nyumba hadi nyumba akiwaita watu kwa majina yao matatu. Alisema majina yao yamekubaliwa Marekani na kila kaya itoe shilingi 10,000 ya fomu. Kaya 63 zilitoa. Tulijuaje kwamba alikuwa na orodha yetu? Aliwaita watu kwa makosa yetu ya tahajia. Mama mmoja ambaye tulimwandika "Halina" badala ya Halima aliitwa Halina, na akadhani ndivyo Wamarekani wanavyotamka.

Habari zilipotufikia tulikaa siku 19 tukijadili namna ya kuandika barua ya ufafanuzi. Mmoja wetu alipendekeza tuseme kwamba chama hakihusiki na matapeli. Kweli, hatukuhusika, lakini siku hizo 19 zilituumiza kuliko tapeli mwenyewe, maana watu walizihesabu. Tulipokwenda hatimaye, na mkutano ukaitishwa, nilisimama nikaeleza habari ya duka na flashi na meza ya ofisi. Kulikuwa na ukimya mrefu. Kisha mama mmoja aliyekuwa amembeba mjukuu akasema, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, sisi yule hatukumpa yeye. Tuliwapa ninyi, maana alikuja na majina yenu." Mzee wa kigodani naye alikuwapo. Alichosema ni kwamba sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kwamba tangu awe mtu mzima hajaona watu wanaotimiza msemo wao kama watu wa mashirika. Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa nalia.

Taarifa tulitoa polisi, lakini mtu mwenyewe hakupatikana. Tuliamua kurudisha fedha. Fedha za mfadhili haziwezi kutumika kwa jambo kama hilo, na ni sawa, kwa hiyo zile shilingi 630,000 tulichanga watano sisi kwa miezi saba, wengine wakitoa 10,000 kwa mwezi na wengine zaidi. Mume wangu aliniuliza siku moja kama nimefungua chama au nimefungua deni. Kila kaya ilirudishiwa mbele ya mtendaji wa kijiji, ikatia sahihi au dole gumba. Mwenzetu mmoja alijitoa baada ya malipo ya kwanza, na simlaumu, kwa kuwa alikuwa na ada za watoto. Wanaodhani kazi hii ni ya kujitolea muda peke yake wajue pia habari ya mifuko yao. Safari moja ya watu watatu kwa siku mbili, kutoka stendi ya Kange hadi Handeni kisha bodaboda, pamoja na chakula na vocha, haikushuka chini ya shilingi 180,000, na wakati wa masika, njia ilipoharibika, ilipanda sana.

Tangu hapo tuliacha kutunza orodha. Nilipendekeza hilo mwenyewe, na wenzangu walidhani nimechanganyikiwa, kwa sababu chama bila orodha kitampa nini mfadhili? Tulinunua mafaili ya plastiki yenye kifungo, yale ambayo wanafunzi hutilia vyeti, tukampa kila mwenye kaya moja. Ndani yake alitia nakala za kila karatasi aliyowahi kupewa tangu Mkuyu, na kipande cha karatasi chenye tarehe, jina la ofisi aliyokwenda, alichoambiwa alete, na siku ya kurudi. Faili lilikaa nyumbani kwake. Sisi tulibaki na tarakimu tupu: kaya ngapi zimefika hatua ipi. Mfadhili alilalamika kwanza, kisha tulimwalika aje aone mafaili yenyewe mikononi mwa wenyewe, akaja, akaridhika kiasi. Kiasi tu, maana mradi uliofuata alimpa mwingine.

Mafaili hayo ndiyo yaliyotuonyesha tatizo ambalo daftari lilikuwa limelificha. Tulipoweka karatasi za mtu mmoja kando kwa kando tulikuta ana majina matatu. Kwenye karatasi za ukimbizi jina liliandikwa kwa namna ya Kisomali, jina lake, la baba na la babu, na kwa herufi zao. Shuleni mwalimu aliliandika kwa masikio ya Kitanzania. Zahanati ikaandika vile muuguzi alivyosikia siku ile akiwa na foleni ya akina mama 30. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka 22, na najua nilivyokuwa nikifanya: mtoto akitaja jina nisilolizoea, niliandika lile lililo karibu nalo nililoliona ni sahihi. Nilikuwa nikidhani ninamsaidia. Mtoto huyo akifika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho cha taifa, karatasi zake zinakuwa za watu watatu, na anayeulizwa maswali ni yeye, mimi sipo. Kwa hiyo anayefanya kazi hii aanze na tahajia kabla ya kitu kingine chochote. Chagueni na mwenyewe jina moja, liwe lile lililo kwenye hati yake yenye nguvu zaidi, cheti cha uraia kama anacho, kisha fuateni kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Msimshauri mtu "aliweke sawa" jina lake kwa kuandika jipya. Tulimshauri hivyo kijana mmoja, na ilimchukua mwaka na nusu kutoka kwenye mkanganyiko tuliomtia.

Jambo jingine ni maulizo ya Uhamiaji. Watu wetu walikuwa wakiyaogopa sana, na si kwa kukosa sababu. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi hatoki nje ya eneo alilopangiwa bila kibali, na mtu aliyeishi miaka mingi chini ya utaratibu huo haachi kutetemeka mbele ya sare kwa sababu tu amepewa cheti cha uraia. Tulikuwa na tabia ya kuwafundisha majibu. Tuliacha, baada ya afisa mmoja kutuambia kwa upole kwamba vijana saba wamejibu kwa sentensi ileile. Badala yake tuliwaomba wakae na wazee wao jioni, waulize babu alizaliwa wapi, alikuja kwa njia gani, alilima wapi, nani bado yu hai anayemfahamu. Vijana wengi walikuwa hawajui. Kuna binti mmoja aliyeniambia kwamba alisikia habari za Wanakhucha kwa mara ya kwanza kwa sababu ya fomu ya serikali.

Nimesema habari za vyeti mno, na chama chetu kilikuwa pia cha amani. Niseme basi. Daftari letu la mwanzo lilileta ugomvi ambao hatukuutarajia: wenyeji wa vijiji jirani waliuliza kwa nini wageni tu ndio wanaoandikwa, ilhali watoto wao pia hawana vyeti. Walikuwa na haki kabisa. Sisi tulikuwa tumeandika kwenye andiko maneno "walengwa" na "wasio walengwa", na watu wanaochota maji bomba moja wakajikuta wamegawanywa na maneno ya Ngamiani. Maneno yakaanza kusemwa kisimani, kisha sokoni. Dawa yetu ilikuwa semina ya amani. Tulikodi ukumbi Handeni mjini, tukaalika watu 40, tukalipa posho, tukagawa zile fulana 100 zilizokuwa zimebaki tangu mradi wa vyeti. Walikuja wanaopenda semina. Mfugaji na wakulima waliokuwa na mgogoro halisi, wa ng'ombe kuingia kwenye ufuta na mahindi, hakuja hata mmoja wao, kwa sababu tuliipanga semina siku ya mnada. Mtu yeyote wa Handeni angetuambia, kama tungemuuliza.

Mgogoro ule wa ng'ombe ulikuja kuamuliwa mwaka 2018 bila ukumbi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila kijiji kiwe na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Kijiji kile kilikuwa na baraza kwenye karatasi, lakini mjumbe mmoja mwanamke alikuwa amehama na nafasi yake haikujazwa, na kila usuluhishi ulipofanyika upande usioridhika ulisema baraza halijakamilika. Tulichofanya sisi ni kidogo sana: tulimkumbusha mtendaji, halmashauri ya kijiji ikapendekeza jina, Mkutano Mkuu wa Kijiji ukalipitisha. Aliyepatikana alikuwa mama kutoka familia za Chogo. Walikaa vikao vinne chini ya mti, na chai na mihogo vililetwa kwa zamu na pande zote mbili. Wakakubaliana juu ya mapito ya mifugo kwenda kwenye maji, wakayapandia minyaa pembeni ili pasiwe na wa kusema hakuona mpaka. Fidia ya ufuta ililipwa nusu. Nusu nyingine haijalipwa, na wanaendelea kuamkiana. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja, na gharama yetu ilikuwa nauli. Ukitaka kujua fedha za semina ile zingefanya nini, hesabu nauli za safari tano.

Tangu hapo kila tulipokwenda tulihudumia yeyote aliyekuja, mwenyeji au mhamiaji, kwa utaratibu mmoja. Tulijisajili pia upya ili kutoa msaada wa kisheria kihalali, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawataka watoa huduma wasajiliwe, nasi kabla ya hapo tulikuwa tukiwashauri watu mambo ya sheria kwa kujiamini tu. Anayeanza leo asifanye kama sisi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, aseme anazikusanya kwa shughuli gani, na azitumie kwa shughuli hiyo hiyo. Niliposoma vifungu vyake nilimkumbuka yule mzee. Yeye aliuliza mapema zaidi.

Mtihani mkubwa wa mafaili ulikuja mwaka 2019, laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kazi ilianza mwezi Mei, mwisho wake ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na wanaokumbuka Desemba ile wanakumbuka foleni. Kwa mtu wa mjini laini ikizimwa ni usumbufu. Kwa mama wa Chogo ambaye mtoto wa dada yake humtumia fedha kutoka ng'ambo, laini ndiyo chumba cha akiba. Waliokuwa na mafaili yao kamili walipita, wengine siku hiyo hiyo, na niliona watu wakiazimana mafaili ya plastiki kama wanaazimana nguo za sikukuu. Wengine hawakupita. Familia tatu ambazo hatukuwahi kuzifikia, kwa sababu nyumba zao ziko mbali na barabara na sisi tuliishia pale bodaboda ilipoishia, zilifika kwenye foleni na karatasi moja moja. Hizo nazihesabu kwetu.

Yule mzee hatukuwahi kumwandika. Faili lake alilijaza mjukuu wake wa kike, likawa linaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda, na siku niliyopita kumsalimu alinionyesha kwa kidole bila kulishusha. Kaunta buku ya mwaka 2016 tuliipeleka Chogo, tukasoma majina yote mbele ya mkutano, kila mwenye ukurasa akaulizwa kama anautaka. Wengi waliutaka. Waliobaki waliona uchomwe, ukachomwa.

Mezani kwangu sasa kuna mambo manne ambayo hayajaisha, likiwamo la yule mama Halima, ambaye cheti cha mwanawe wa mwisho kimetoka na jina la mama Halina. Ofisi inasema marekebisho yanahitaji kiapo kipya na nakala ya karatasi ya Mkuyu, ambayo iliharibika kwa mvua. Kuna jirani yake aliyeandikwa siku moja naye kule Mkuyu ambaye anaweza kutoa ushahidi, lakini amehamia Mkata kwa binti yake na simu yake haipatikani. Alhamisi nitachukua basi la alfajiri pale Kange, nishuke Mkata nimtafute.